Diski Mpya za Verna Tatnell

Gari la Verna Tatnell lilikataa kusimama kwenye mteremko wa Ghuba ya Nanga asubuhi ya Jumanne, mbele ya macho yetu. Ghuba yangu inapakana na yake, na nilikuwa juu ya kilima nikifunga kamba za mzigo niliposikia chuma kinalia. Haikuwa sauti ya breki chakavu, ile tuliyoizoea sote; huku kwetu gari lisilopiga kelele ni gari la mgeni. Hii ilikuwa sauti ya kitu kinachopasuka. Pikapu ikavutwa kulia, ikajirudi kushoto, kisha ikaporomoka kama ng'ombe aliyekata kamba, ikielekea baharini.

Verna hakuruka. Alizungusha usukani akaielekeza kwenye lundo la mwani uliooza wa dhoruba iliyopita, lundo refu kuliko mtu, nayo ikazama humo mpaka milangoni. Tulipomfikia alikuwa ameketi wima, mikono bado kwenye usukani, ute wa mwani ukichuruzika kwenye kioo. Akauliza kama kuna aliyegongwa. Tukamwambia hakuna. Basi nivuteni, akasema, huku ndani kunanuka.

Aliyemvuta ni Darrell Quilty, mvunaji mwenzetu, kwa winchi yake, mashine ya kuvutia kamba. Tulipolifungua gurudumu la mbele la kulia tukaona. Diski ya breki ilikuwa imeachana vipande viwili. Uso wake wa nje uling'aa vizuri tu, lakini ndani kutu ilikuwa imeitafuna kama mchwa anavyotafuna nguzo ya nyumba, mpaka ule mduara unaobanwa na pedi ukajitenga na sehemu inayoushikilia. Ya kushoto ilikuwa na ufa ambao ukucha ungeingia. Magari yetu wavuna mwani huoga chumvi kila siku. Matundu ya bodi tunayachekea, tunayaziba kwa bati na rangi. Breki hakuna anayeziinamia kuzitazama mpaka siku zinapojisema zenyewe.

Kabla ya jua kuzama habari ilikuwa imefika baa, na kila glasi iliyonywewa iliongeza kasi ya gari na ukubwa wa mawimbi. Wanaume wakakubaliana kwamba sasa Verna apumzike. Yeye hakuwepo kukubaliana nao.

Inafaa niseme ghuba ile ilikuwa ya nani. Ilikuwa ya baba yake, Eskil Lund, aliyevuta mwani kwa farasi kabla hatujajua winchi. Mabega yalipomshinda, alimwachia Verna, mtoto wake pekee aliyebaki kisiwani. Wengine walivuka kwenda Bara na hawakurudi ila kwa mazishi. Aubrey alikuja baadaye, kijana kutoka machimboni, akamwoa, akajifunza kazi kwake. Miaka mingi walivuna pamoja, mmoja kwenye winchi na mwingine kwenye maji ya magotini. Kisha vumbi la machimbo, ambalo Aubrey alidhani ameliacha kule shimoni, likaanza kumdai pumzi. Msimu wa majani kupukutika, mwaka huohuo wa ajali, daktari alimkataza kunyanyua chochote kizito kuliko birika, na tangu hapo Verna alishuka peke yake.

Ghuba zetu hazina hati. Ghuba ni ya anayevuna. Dhoruba ikitupa mwani ufuoni nawe hukushuka wala hukusema neno, mwenzio ana haki ya kushuka, na akishashuka, kumtoa ni kazi. Kila mtu analijua hilo. Darrell alilijua vizuri kuliko wote, maana ghuba yake ni nyembamba, na wanawe wawili wamekuwa watu wazima na wanataka pa kuvuna.

Jioni ya Jumanne ileile alikwenda nyumbani kwao amebeba pai ya kamba wa baharini iliyookwa na mkewe. Alizungumza kwa upole, Verna mwenyewe hakumkatalia hilo. Alisema amemwona Verna nusura aende na maji, na hataki kuona hivyo tena. Alisema yeye na wanawe wanaweza kuitunza Ghuba ya Nanga, isikae bure, mpaka mambo yatengemae. Verna alikuwa amesimama na birika mkononi. Kabla hajafungua mdomo, Aubrey akasema bila kumtazama, "Chukua, Darrell. Sisi tumefika mwisho."

Darrell akashukuru, akanywa chai yake, akaenda.

Verna akafunga mlango. "Sisi nani?" akauliza.

"Mimi na wewe."

"Mimi hukuniuliza."

Aubrey akanyoosha mkono akaongeza sauti ya redio. Usiku ule walilala kila mtu amegeukia ukuta wake.

Asubuhi Verna aliomba lifti ya gari la maziwa mpaka mjini, kwa Lyle Pask, fundi wetu, akiwa na vipande vilivyomeguka kutoka kwenye diski ndani ya gunia. Lyle si mtu mbaya, ila ana ulimi. Aliviangalia vile vipande akacheka, akasema pikapu ile ni kutu iliyoshikiliwa na rangi. Akasema mwezi huu hana nafasi, na hata angekuwa nayo asingepoteza siku nzima kufungua nati zilizogeuka jiwe. Bora Verna alisukume gari shimoni kule jalalani na kulifukia. Verna akamwambia hakuja kuomba ushauri wa mazishi. Amwagizie diski mbili za mbele, pedi, beringi na sili zake za mpira za kuzuia grisi.

"Nani atazifunga?" Lyle akauliza. "Aubrey hawezi kukunja hata ngumi."

"Mimi."

"Verna, hii si kazi ya kubadili tairi. Kwenye magari haya ya zamani yanayovuta kwa magurudumu yote manne, diski imefungwa nyuma ya habu, kitovu chenyewe cha gurudumu. Lazima ung'oe kila kitu, mpaka beringi."

"Wewe niagizie. Kuweza niachie mimi."

Vifaa vilikuja Ijumaa kwa ndege ndogo, pamoja na magazeti na dawa za mifugo. Siku hiyohiyo redio ilitangaza upepo mkali kutoka magharibi, ungeanza Jumapili. Sote tulijua maana yake. Upepo wa namna ile hung'oa mwani mkubwa kutoka vilindini na kuutupa ufuoni, majani marefu mazito kama ngozi za ng'ombe waliochunwa, na Jumatatu kila ghuba ingekuwa imejaa. Darrell alionekana akipaka grisi winchi yake.

Yaliyotokea bandani kwao nilisimuliwa na Verna mwenyewe baadaye, na Aubrey akiwepo, akiyasahihisha.

Jumamosi baada ya kifungua kinywa alivaa ovaroli ya Aubrey, akaikunja miguu, akaingia bandani. Alilegeza nati za magurudumu, akainua mbele kwa jeki, akaliweka gari juu ya stendi na kulisukuma kwa bega kuhakikisha halitikisiki. Kisha akaanza na upande wa kulia. Kalipa, kile kishikio kinachobana pedi, ilishikwa na bolti mbili. Ya juu ilifunguka baada ya kumwagiwa mafuta na kugongwa. Ya chini ilikuwa imevimba kwa kutu mpaka spana ikawa haina pa kushika. Akawasha mtungi wa gesi akaipasha moto hadi ikawa nyekundu, akapigilia spana ndogo kidogo kwa nyundo, akavuta. Spana ikaponyoka, vifundo vya mkono vikagonga chuma, ngozi ikabanduka. Akafunga kitambaa, akapasha tena. Mara ya tatu bolti ikalia ikazunguka.

Akaning'iniza kalipa kwa waya ili mpira wa kupitisha mafuta ya breki usibebe uzito. Akafungua kifuniko cha habu, kile cha kuzungusha kwa mkono unapotaka magurudumu ya mbele yavute. Kilikuwa hakijazunguka kwa miaka mingi. Ndani grisi ilikuwa imegeuka uji mweusi wenye mchanga. Akatoa pete ya kuzuia nati, nati kubwa, beringi, kila kimoja akakipanga kwenye gazeti kwa jinsi kilivyotoka, maana alijua mkono unasahau. Habu ikatoka nzima, nzito, na kipande cha diski kikiwa kimefungwa nyuma yake kwa bolti. Akaibana kwenye jiliwa la mezani. Hapo ndipo kazi ilipomkatalia. Bolti zile hazikusikia mafuta wala moto wala nyundo. Alitia bomba refu kwenye spana ili apate nguvu zaidi, akaning'inia juu yake, habu ikageuka ndani ya jiliwa na kumwangusha sakafuni.

Bado alikuwa amekaa pale sakafuni mlango ulipofunguka. Aubrey alisimama kwenye nuru, akitweta. Kutoka jikoni hadi bandani ni safari kwake.

"Nipe hiyo spana," akasema.

"Ya nini?"

"Niirudishe mahali pake. Imetosha, Verna. Leo umeumiza mkono, kesho itakuwa shingo. Tumuuzie Lyle kwa chuma chakavu, tukae kama watu wengine wa umri wetu."

"Watu gani hao wanaokaa? Nitajie mmoja ambaye hajafa."

Aubrey akaegemea meza ya kazi mpaka pumzi ikatulia. Verna alidhani ataondoka. Lakini Aubrey akasema, kwa sauti ya mtu anayeongea na meza, "Darrell alinipigia simu siku ile. Alianza kwa kuniambia, 'Aubrey, kaa chini.' Nikakaa. Kabla hajasema neno la pili nilikuwa nimeshakuzika. Nimeshakuchagulia na mahali, kando ya baba yako. Sitaki kukaa chini namna ile tena."

Verna anasema hasira yake yote ya siku zile, aliyokuwa ameibeba kama ndoo iliyojaa, ilitikisika pale, lakini haikumwagika. Alimpenda, na bado alikuwa na haki ya kukasirika. Akainuka akajifuta mikono.

"Mimi pia niliogopa," akasema. "Nilijua naenda na maji. Sasa sikiliza. Kama unaogopa, ogopa huku umeshika taa, maana huku chini sioni kitu. Na lile ulilolisema mezani kwangu, ulilisema mbele ya Darrell. Utalirudisha mbele ya Darrell."

Aubrey akachukua taa ya waya kutoka kwenye msumari, akaiwasha, akamulika habu.

Walifanya kazi hivyo muda mrefu. Verna alibana jiliwa upya, akaweka spana, akatia bomba. Alipovuta, hakuna kilichosogea. Aubrey akaitazama, akasema mikono imekwisha na mapafu yamekwisha, lakini uzito bado anao.

"Huo uzito ni wa pai ya mke wa Darrell," Verna akamwambia.

"Basi na iwe na faida."

Akaweka taa mezani, akaliegemea bomba kwa makalio kama mtu anayekaa kwenye uzio, polepole, akauachia mwili wote. Bolti ikaachia kwa mlio kama wa bunduki. Aubrey akateleza akaketi juu ya gunia la vipande vya diski. Verna akacheka, naye akacheka mpaka kikohozi kikamshika na ikabidi wangoje kipite. Kisha akajiinua akakaa kwenye bomba la bolti ya pili, na ya tatu, mpaka zikaisha. Upande wa kushoto walifanya vilevile, na haukuwapa shida kama wa kwanza, au labda wao ndio walikuwa wamejua pa kukaa.

Diski mpya zilikuja zimepakwa mafuta ya kuzilinda. Verna akazifuta kwa petroli mpaka kitambaa kikatoka cheupe. Alishindilia grisi kwenye beringi kwa kiganja, akarudisha kila kitu kutoka kwenye gazeti kwa mpangilio wake, akakaza nati kubwa huku akizungusha habu, akailegeza kidogo, akaikaza tena kwa ncha za vidole. Aubrey alisema aikaze kidogo zaidi. Verna akasema hapana, na akaacha alivyotaka yeye. Alisukuma pistoni za kalipa ndani, akaweka pedi mpya, akafunga. Kisha akaingia garini akakanyaga breki, na kanyagio likashuka mpaka sakafuni kama linalokanyaga hewa. Akaendelea kulipiga, polepole, mpaka likapanda likawa gumu chini ya mguu.

Jumapili, upepo ukivuma kiasi cha kulaza nyasi, aliitoa pikapu kwenye barabara ya uwanja wa ndege. Alikwenda na kusimama, kwenda na kusimama, mwendo mdogo kisha mkubwa, ili pedi na diski zizoeane. Ng'ombe walijipanga kwenye waya wakimtazama. Lyle Pask alipita na gari la kuvuta mizigo akapunguza mwendo, kisha akaendelea. Hakupiga honi.

Jumatatu alfajiri Verna alitoka na chupa ya chai akamkuta Aubrey ameshaketi kwenye kiti cha abiria, mabuti miguuni, kofia imeshushwa masikioni. Akamuuliza anakwenda wapi. Aubrey akajibu kwamba amechoka na redio.

Mimi nilikuwa tayari ufuoni. Bahari ilikuwa bado inachemka, na mwani ulikuwa umelala kwenye ghuba zote mpaka kiunoni, mweusi, unang'aa. Darrell alikuwa kwenye Ghuba ya Nanga na wanawe, kamba ya winchi imenyooshwa, nusu ya gari imejaa. Tulisikia pikapu ya Verna kabla hatujaiona. Ilipotokea juu ya mteremko sote tuliacha kazi. Mmoja wa wana wa Darrell akasogea pembeni.

Ilishuka taratibu. Katikati ya mteremko, pale pale penye ukali, ikasimama kabisa. Ilisimama juu ya kokoto zenye maji, imeinamisha pua, na haikuteleza hata kidogo. Niliweza kumwona Aubrey ndani ameshika dashibodi kwa mikono miwili. Kisha ikaendelea, ikafika chini, ikapaki mbele ya gari la Darrell.

Verna akashuka. Alimsabahi Darrell kwa jina, akamwambia kamba yake iko kwenye mwani wa mtu.

Darrell akasema alipewa na Aubrey, mezani, Verna akisikia. Ilikuwa kweli, na sote tulijua ni kweli. Mlango wa pili ukafunguka. Aubrey alichukua muda kushuka, na muda zaidi kutembea kwenye kokoto zile, akasimama, akavuta pumzi mpaka ikamtosha.

"Nilikupa kisicho changu, Darrell," akasema. "Ghuba ni ya Verna. Niliogopa, nikasema. Nakuomba radhi, na neno langu nalirudisha."

Darrell alitutazama mmoja mmoja, nadhani akitafuta atakayecheka. Hakuna aliyecheka. Akasema neno likishatoka limetoka, na kwamba gari lile litaua mtu, na siku hiyo tusije kwake kuomba winchi.

"Likiua litaniua mimi, nikiwa kazini kwangu," Verna akasema. "Toa kamba yako."

"Na nisipoitoa?"

"Tutavuna wote wawili. Nitakuwa mbele yako leo, na kesho, na kila dhoruba, nikikuambia habari za asubuhi, mpaka uchoke kuniona. Mimi sichoki, Darrell. Muulize huyu."

"Hachoki," akasema Aubrey.

"Kwa lile gari la kutu?" Darrell akasema.

"La kutu, ndiyo. Lakini diski zake mpya. Za kwako uliziangalia lini?"

Hapo mtu mmoja alicheka, na sitamtaja, lakini alikuwa mtoto wa Darrell mwenyewe. Jioni ile mimi nililala chali chini ya pikapu yangu na tochi. Nilichokiona huko kilinipeleka kwa Lyle kesho yake kabla hajafungua.

Darrell alianza kukunja kamba. Alipotaka kushusha mwani aliokwisha pakia, kwa hasira, Verna akamzuia. Akamwambia aende nao, ameutolea jasho, na hataki kusikia baa kwamba Verna Lund alimnyang'anya mtu mzigo. Alijiita kwa jina la baba yake, sijui kama alijua. Darrell akaondoka nao. Hakumsemesha majira yote ya baridi.

Walivuna wiki nzima. Aubrey alisimama kwenye winchi, kazi ya mkono mmoja na mkono huo hauhitaji nguvu, akipumzika kila mara kwenye kreti, na Verna alikuwa majini akifunga kamba kwenye vikonyo vya mwani. Walitundika mwani mpaka vyanja vyao vya kuanikia vikapinda, na upepo ukaukausha. Daktari alipata habari akampigia Aubrey simu kumgombeza. Aubrey akamwambia hajanyanyua kitu kizito kuliko birika, jambo lililokuwa kweli ukiacha bomba.

Mwisho wa mwezi nilimpelekea Verna mayai, nikamkuta chini ya gari, safari hii kwenye breki za nyuma, miguu tu ikionekana. Nikamwambia wanachosema mjini: Darrell anadai pikapu ile haitaliona jua la majira ya machipuko. Nyundo ikagonga mara mbili.

"Mwambie aje aangalie," akasema kutoka chini. "Na aje mapema, maana mimi nitakuwa nimeshashuka ghubani."